Ute wa Kijani Kwenye Tangi la Wembe

Habari aliileta Waya, fundi redio, Jumanne asubuhi kabla kahawa ya kwanza haijapoa. Wembe kinyozi amelifunika tangi lake la samaki kwa blanketi zito la kijivu, kingo zake amezikandamiza kwa matofali, na juu amebandika karatasi: "Usifunue. Hata wewe."

Kijiwe chetu ni benchi lililo chini ya dirisha la kibanda cha Wembe, kwa hiyo jambo la ndani kwake ni jambo la nje kwetu. Siku hiyo tulikuwa wanne. Waya mwenyewe, mtu mwenye dawa ya kila kitu isipokuwa redio uliyompelekea. Mzee Posta, karani mstaafu wa posta, ambaye kichwani amebakiwa na nywele za kuhesabika lakini hukalia kiti cha kinyozi mara mbili kwa wiki. Dada Cherehani, mshonaji wa chumba cha pili, mwenye ulimi uliochongoka kuliko sindano zake. Na mimi, mchora mabango, wananiita Brashi.

Mzee Posta alishusha kikombe akatangaza msiba. Samaki wamekwisha, alisema, maana anayepumua hafunikwi gubigubi.

"Mume wangu hujifunika gubigubi kila siku," akasema Dada Cherehani, "na asubuhi anakula mkate nusu."

Tulicheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa na wasiwasi ndani yake, kwa sababu tangi lile halikuwa pambo tu. Lina urefu wa meza, na ndani yake mna majani hai, mengine membamba kama nyasi, mengine mapana mekundu, na samaki kumi na mmoja wadogo wenye mstari wa buluu ubavuni. Majani aliyaleta mtunza maabara wa shule ya sekondari, mwanamke mmoja mtaratibu ambaye sisi humwita Bi Maabara. Siku ya kwanza aliingia kujikinga mvua, akaona tangi lina samaki, kokoto na jiwe moja tu, akamwambia Wembe kwamba samaki wake wanaishi kama wapangaji wasio na hata kigoda. Jumamosi iliyofuata akaja na majani yamefungwa kwenye gazeti lililoloweshwa. Jumamosi ya tatu akaja bila majani. Hapo ndipo sisi wa benchi tulipoanza kusogeza vikombe vyetu karibu na dirisha.

Wembe ana miaka arobaini na tatu, mkono mwepesi na mdomo mzito. Kumsikia akiongea robo saa nzima na mwanamke, hata kama ni kuhusu mizizi, kwetu ilikuwa kama kusikia meza ikipiga chafya. Kisha Bi Maabara akaenda masomoni kwa wiki sita. Alipoaga alisema Jumamosi ya kwanza akirudi atakuja na shangazi yake na kaka yake mkubwa, kuona samaki. Mzee Posta alituambia kwamba katika miaka yake sabini na moja hajapata kuona shangazi akisafiri kwa ajili ya samaki asiyekaangwa.

Sasa, wiki ya tano, ute ukaingia.

Ulianza kama doa la kijani kwenye kokoto. Kesho yake likawa shuka. Ulikuwa ute wa kijani kibichi unaoelekea ubuluu, unateleza, unavuka jani hadi jani, na ukiushika unabanduka mzima kama utando wa maziwa yaliyochemka. Harufu yake ilikuwa ya kisima kilichomshinda chura. Wembe aliubandua jioni, asubuhi akaukuta umerudi na jamaa zake.

Benchi halikukaa kimya. Mzee Posta aliagiza dawa ya kufulia nguo nyeupe, akisema ndiyo waliyotumia kusafisha tangi la maji la ofisini, na Wembe akamuuliza kama ofisi ile ilikuwa na samaki. Dada Cherehani alisimamia siki. Mimi nilipendekeza tupake rangi kioo cha mbele, tuchore samaki kwa nje, na shangazi aonyeshwe hiyo. Waya alisema kinachokosekana ni mwanga, akaleta balbu ya pili, akaifunga mwenyewe bila kuombwa. Kwa siku mbili ute ule uliota jua kama mgeni wa hotelini. Siku ya tatu ulikuwa umepanda hadi juu ya maji, na jani jekundu halikuonekana tena.

Basi Jumanne hiyo, tukiwa bado tunabishana kuhusu blanketi, Wembe mwenyewe akatoka na beseni mkononi. Alikuwa hajalala vizuri. Alisema jana amempigia simu Bi Maabara akamweleza kila kitu.

Mzee Posta alikaribia kumwaga kahawa. Alimwambia Wembe kwamba mwanamume hampigii simu mwanamke anayemtaka kumwambia alichoachiwa kimeoza. Angesubiri, angezuga, angesema umeme ulikatika. Wembe alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba samaki nao wana roho.

Maagizo aliyopewa yalikuwa haya: aufyonze ute wote kwa mpira, abadilishe nusu ya maji, kisha alifunike tangi siku tatu kamili bila mwanga wala chakula. Ute ule, alielezwa, si majani hata kidogo, ni vijidudu vinavyojifanya majani. Vinapenda mwanga mwingi, maji yaliyolala na uchafu wa chakula, na ukivinyima vyote vitatu, vinakufa. Kusikia habari ya mwanga, Waya alianza kufunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa ndala.

"Kuna jambo moja tu hakulielewa," Wembe akasema. "Aliniuliza ninawalisha mara ngapi. Nikamwambia punje chache, mara moja kwa siku. Akasema haiwezekani, kuna mtu mwingine anayewalisha."

Akaliweka beseni juu ya benchi, katikati yetu. Ndani yake mlikuwa na takataka alizozifyonza kwenye kokoto. Akatutazama mmoja mmoja, kama anayekagua kidevu.

Hata Dada Cherehani alitafuta kitu cha kutazama barabarani. Kisha Mzee Posta akakohoa, akasema kwamba biskuti si chakula hasa, ni makombo tu, na huwatupia pale tu anaposubiri zamu yake, kwa sababu wanamtazama. Waya akasema yeye ni kiini cha yai, kidogo, kwa ajili ya nguvu. Dada Cherehani akasema mkate, lakini ule laini wa ndani. Nilitarajia Wembe aniruke. Hakuniruka. Nikakiri wali, na nikaongeza kwamba niliupoza kwanza.

"Samaki kumi na mmoja," akasema Wembe polepole, "wapishi watano."

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema Dada Cherehani, na yeye ndiye aliyeanza kucheka. Wembe alijaribu kukasirika, mdomo ukamponyoka, akaketi juu ya tofali akacheka mpaka akashika mbavu. Mteja aliyekuwa ndani na povu nusu ya uso alitoka kuuliza kuna nini, na alipoelezwa akasema yeye pia huwa anawapa karanga.

Baada ya hapo hatukuwa na uso wa kutoa ushauri, ikabidi tufanye kazi. Waya aliomba aione pampu inayosukuma maji, na kwa mara ya kwanza katika historia ya kijiwe alifungua kitu akakuta ugonjwa kweli. Mdomo wa chujio ulikuwa umezibwa na nywele. Nywele za mtaa mzima, nyeusi, za mvi na za kupaka rangi, zimejisokota kama kamba ya katani, na ndiyo maana maji yalikuwa yamelala. Aliisafisha kwa mswaki, akaifunika mdomo kwa kipande cha soksi, na ilipowashwa tulisikia maji yakizunguka chini ya blanketi. Aliitazama mikono yake mwenyewe kwa heshima.

Dada Cherehani alishona kifuniko cheusi cha kitambaa mara mbili, chenye vifungo kila upande, akasema blanketi lile linamtia haya mbele ya wateja wake. Mimi niliandika upya ile karatasi kwa herufi kubwa nyekundu, nikaongeza mstari: "Biskuti, yai, mkate, wali na karanga ni marufuku." Mzee Posta alipewa zamu ya ulinzi, kwa hoja kwamba mwizi akipewa ulinzi haibi. Siku tatu alikaa na kiti chake kando ya tangi, sikio kwenye kitambaa, akitutolea taarifa kwamba bado wanaogelea.

Ijumaa mchana Wembe akafungua vifungo. Kioo kilikuwa safi kama miwani ya hakimu. Yale majani membamba yalikuwa yamepauka kidogo, yale mekundu yamesimama, na kokoto zilionekana moja moja. Mzee Posta akahesabu samaki tisa, Waya kumi na watatu. Wembe akahesabu kwa kidole, taratibu, mara mbili. Kumi na mmoja. Dada Cherehani alifuta macho akasema ni siki. Balbu ya Waya ilirudishwa kwa mwenyewe, na taa iliyobaki ikapangiwa saa sita kwa siku, hakuna zaidi.

Jumamosi wakaja. Bi Maabara alitangulia, nyuma yake shangazi mwenye mkoba mkubwa, na kaka yake, jitu la miraba minne lenye ndevu za miezi miwili na maneno machache. Sisi tulikuwa benchini, chini ya dirisha, tunasoma gazeti moja watu wanne.

Usiku tulikuwa tumemfundisha Wembe cha kusema: tangi halijawahi kuugua. Shangazi alilitazama kidogo tu, akamgeukia, akamuuliza kama ni kweli lilikuwa limeoza.

"Lilioza, shangazi," Wembe akasema. "Lilinishinda. Nikampigia simu."

Shangazi aliketi. Alisema marehemu mumewe, siku ya posa, alificha kwamba paa linavuja, na yeye shangazi akaja kugundua mvua ilipowakuta kitandani. Miaka thelathini, alisema, yule bwana alikuwa akiziba paa kwa maneno. "Mficha uchi hazai," akamalizia. "Na huyu anayesema mapema ni nani? Hebu sogea nikuone."

Wembe akasogea. Bi Maabara akawa anachunguza majani ambayo hayakuwa na tatizo lolote.

Akabaki kaka mtu. Alizunguka chumba, akagusa meza, akasoma karatasi yangu yote hadi karanga. Kisha akaenda kwenye kiti cha kinyozi, akakaa, akafungua vifungo viwili vya shati, akaegemeza kichwa nyuma mpaka koo lote likabaki wazi.

"Zitoe zote, shemeji," akasema.

Wembe alisimama na taulo mkononi kama mtu aliyesahau taulo ni la nini. Bi Maabara akamchukulia, akamfunga kaka yake shingoni. Nje, gazeti lilipasuka vipande vinne. Kahawa ilibaki kwenye vikombe, maana kijiwe kilitawanyika hapohapo: Mzee Posta kwa miguu yake ya kijana upande wa sokoni, Dada Cherehani kwa mama wa nyumba ya pili, Waya kokote kwenye masikio, na mimi nikikimbia kumwahi Waya asije akaisimulia vibaya.