Nafasi Moja Kwenye Ubao wa Mashujaa

Baraza la Mji wa Wirrabine lilipenda kuutangazia umma, kwa heshima na taadhima, kwamba mji sasa ulikuwa na Ubao wa Mashujaa, na kilichobaki kupatikana ni mashujaa tu. Tangazo hilo lilibandikwa mlangoni pa ukumbi na karani wa baraza, Bwana Leopold Fenner. Ndiye aliyeliandika, na hakuona ndani yake neno lolote la kuchekesha.

Ilikuwa mwaka 1917, na vita vikuu vilikuwa vinaunguruma huko Ufaransa. Taifa la Australia lenyewe lilikuwa na miaka kumi na sita, umri ambao kijana akienda kujiandikisha hufukuzwa arudi kwa mama yake. Watu walikwenda vitani kwa hiari, kwani serikali ilikuwa imewauliza wananchi kwa kura kama vijana walazimishwe, na wananchi wakakataa. Meya Ambrose Quilty aliliona hilo kuwa ni pengo la kiutawala, akaliziba kwa kamati.

Seremala aliyetengeneza ubao alipewa hesabu ya wapiga kura, marehemu wakiwemo, ndiyo maana nafasi zilikuwa nyingi. Hata hivyo vijana wa Wirrabine walijitahidi kwenda, na Dougal mchoraji akawaandika mmoja mmoja kwa rangi ya dhahabu. Kwa amri ya meya, mbele ya kila jina aliacha nafasi ya upana wa kidole gumba, ili mtu akiuawa ichorwe nyota bila kuufuta ubao na kuuandika upya. Bwana Fenner aliingiza jambo hilo kwenye taarifa ya mwaka chini ya kichwa, Mpango wa Kuokoa Gharama.

Sasa ilibaki nafasi moja, katikati kabisa, kama pengo la jino la mbele, na jenerali alikuwa anakuja kutoka Sydney kuuzindua ubao. Kamati ilikaa mchana kutwa. Kuukata ubao kulionekana ni kuudhalilisha mti. Hoja ya kumwandika Duchess, farasi wa mkokoteni wa maji aliyechukuliwa na jeshi, ilikaribia kupita, hadi Bwana Fenner alipokumbusha kwamba farasi hakwenda kwa hiari yake.

Basi akabaki Clem Tregenza, mwoka mikate. Kaka zake wawili walikuwa tayari ubaoni, na wote wawili wana nyota. Clem alikuwa amebaki na mama yake, Bi Hester, na tanuri. Kamati ikaanza kumtumia manyoya meupe ya kuku, ambayo kwa watu wale maana yake ni kwamba wewe ni mwoga. Yaliingizwa chini ya mlango asubuhi na jioni, mpaka kuku wa baraza wakabaki uchi na kutetemeka. Bi Hester aliyaokota yote, akayashonea mto, na mwanawe akalala vizuri kuliko zamani.

Meya alipoona manyoya hayafanyi kazi, alitunga sheria ndogo. Vijana walikuwa na tabia ya kusema jukwaani kwamba watakwenda, bia ikiwa kichwani, na asubuhi hawaonekani. Kwa hiyo ilipitishwa kwamba mwanamume yeyote aliye chini ya miaka arobaini na mitano, akitamka hadharani kuwa yuko tayari, amekwisha jiandikisha, na neno halirudi. Bwana Fenner aliisifu sheria hiyo kwa moyo wote. Ilikuwa fupi na haikuwa na mlango wa nyuma.

Siku ya uzinduzi ukumbi ulifurika. Kulikuwa na chai, skonzi na bendera, na mstari wa mbele aliketi mjane Lavinia Prowse, ambaye meya alikuwa akimchumbia. Kwa ajili yake meya alipaka masharubu dawa nyeusi, na mji ulikuwa umemsherehekea kutimiza miaka arobaini na minne kila mwaka tangu vita vilipoanza. Hakuna aliyehoji, kwa kuwa keki ilikuwa nzuri.

Meya alihutubia mpaka jenerali akapiga miayo. Kisha akamnyooshea Clem kidole, akamwita mbele.

Bi Hester ndiye aliyepanda jukwaani. Alipita kwanza kwenye ubao, akazigusa zile nyota mbili, moja baada ya nyingine, na Bwana Fenner akajikuta anatazama viatu vyake. Alimwonea huruma mama yule, ingawa huruma haikuwa kwenye ajenda.

"Mheshimiwa," Bi Hester alisema, "mimi sina ubishi. Mwanangu anaona aibu kumtangulia mkubwa wake. Hebu asikie kwako. Wewe ungekwenda?"

"Mama, mimi niko tayari hata leo," meya alisema, mkono kifuani. Watu wakapiga makofi.

"Mungu akubariki. Na una miaka mingapi, baba?"

Meya akamtazama jenerali. Akamtazama mjane Lavinia, naye mjane akatabasamu, akisubiri jibu. Watu wote wa mji walijua kwamba alishapita hamsini na tano, na kwamba kulisema hilo kungemwokoa.

"Arobaini na minne," akasema kwa sauti ndogo.

Bwana Fenner aliinuka. Hakuwa na chuki na mtu. Alikuwa na sheria tu mkononi. Akaisoma yote, kisha akatangaza kwamba masharti yametimia, nafasi imejazwa, na kamati haina tena haja na mwoka mikate.

"Na umeya je?" meya akauliza. "Mji nitamwachia nani?"

Naibu meya alikuwa amekwisha simama. Alisema mzigo ni mzito, lakini ataubeba, na kwa kuonyesha huzuni yake alianza siku hiyo hiyo. Jenerali, ambaye alitaka kuwahi treni, alimshika meya mkono kwa nguvu na kumwambia jeshi lina upungufu mkubwa wa watu wenye moyo kama wake. Nyuma ya ukumbi mtu akasema mkuki kwa nguruwe, na wengine wakamalizia.

Clem alirudi kwenye tanuri. Bi Hester alikaa chini, akatoa sindano zake, akaanza kufuma soksi za meya, maana Ufaransa kuna baridi na yeye hakuwa mtu wa kinyongo.

Dougal alipanda ngazi pale pale, akaandika Ambrose Quilty kwa dhahabu. Meya alimtazama mpaka herufi ya mwisho. Masharubu yake yalikuwa yanachuruzika jasho jeusi.

"Fenner," alisema, "mbona hajaanzia mwanzo wa mstari? Hiyo nafasi mbele ya jina langu ni ya nini?"

"Ni ile uliyoiamuru mwenyewe, Mheshimiwa," alijibu Bwana Fenner kwa fahari. "Ya kuokoa gharama."