Kanzu Kavu ya Kwenda Murongo

Jumatatu, 4 Machi 1912

Kwa heshima na taadhima natangaza: leo asubuhi, hapa Kaisho, mbele ya duka langu, kofia yangu imekamuliwa hadharani ikatoa maji ya kujaza kikombe. Aliyekamua ni dada yangu Mwaja. Amesema maji hayo yangefaa kupikia maharage, ila chumvi ingezidi.

Joto gani hili! Mawingu yamelala juu ya migomba tangu wiki jana, hayanyeshi wala hayaondoki. Na baiskeli hii, pekee katika Kaisho nzima, inataka kukanyagwa. Haiendi kwa kutazamwa.

Niandike chanzo cha taabu. Siku ya Maulidi, kule Murongo, nilijisifu mbele ya Bi Mwanahalima, mjane mwenye duka la nguo karibu na kivuko. Nilisema baiskeli ni kiti chenye upepo wake, aipandaye hatoki jasho. Akanitazama kutoka kofia hadi viatu. Akasema, na watu wanasikia: “Haya, Bwana Ramadhani. Njoo Ijumaa baada ya swala. Kanzu yako ikiwa kavu, nitaisikiliza posa yako. Ikiwa imelowa, nitasikiliza ya Shaaban peke yake.”

Shaaban! Muuza chumvi! Anatembea na mwavuli, polepole, kama anayesindikiza jeneza. Na kila akiniona huniamkia shikamoo kwa sauti kubwa ili watu wadhani nimemzidi miaka ishirini. Tulitahiriwa siku moja!

Jumanne, 5 Machi

Dawa ya joto ni kivuli. Nimefunga majani ya mgomba juu ya mti, mti nikaufunga kwenye baiskeli. Paa linalotembea! Kuteremka mlima chini yake ilikuwa raha tupu. Nilijiona sultani.

Kisha nikapita katikati ya ng'ombe. Hawa wa kwetu Karagwe, pembe zao ndefu kuliko mimi. Mmoja akalipenda paa. Nikakanyaga kwa nguvu. Naye akakaza mwendo, huku anatafuna. Wenzake wakaona kuna sherehe, wakafuata.

Nimefika nyumbani bila paa, nimelowa kuliko jana. Mchungaji amekuja kulalamika kwamba nimewachosha ng'ombe wake. Shaaban alikuwa amekaa kwenye baraza langu, bila kualikwa. Shikamoo kaka, akasema, naona umekuja na wageni.

Jumatano, 6 Machi

Mwaja ametoa shauri. Eti niondoke alfajiri, milimani nishuke nisukume, na kanzu niifunge kwenye kifurushi, niivae nikishafika. Nimecheka. Hilo hata mpagazi angeliweza! Ujuzi uko wapi? Mwaja akajibu kwamba hajui ujuzi uko wapi, anajua tu kwangu haupo.

Mimi nimefikiri zaidi. Mtu akilowa tangu mwanzo, jasho lake litaingia wapi? Nimechovya kanzu kisimani, nikaivaa, nikaondoka. Baridi safi! Bahati mbaya kanzu iliyolowa hurefuka. Mnyororo ukauma pindo. Nikashuka chini pamoja na baiskeli, mbele ya wanawake waliokuwa wakichuma buni. Waliniuliza kwa upole kama nimeumia. Kisha wakacheka mpaka vikapu vikawaanguka.

Kanzu ya pili imebaki. Ndiyo ya Ijumaa. Ndiyo ya mwisho.

Alhamisi, 7 Machi

Nimepata! Nimepata!

Nilikuwa kwa jirani yangu Katabaro, akivuna ndizi. Alipokata mgomba nikaegemea shina lake. Baridi! Baridi kama mtungi wa maji uliolala kivulini. Nikalibandua ganda moja la shina, pana, limejaa maji, nikaliweka tumboni. Allah! Nilipata kibaridi mpaka meno yakagongana.

Katabaro akaniuliza naumwa nini. Nikamwambia sijambo kuliko siku zote, nipe maganda mengine. Akanipa, akasema niangalie nguo. Nikamjibu kwamba nguo huharibiwa na utomvu wa mkungu. Haya ya shina ni maji matupu, meupe, na wenyeji huyanawia mikono. Akatikisa kichwa. Watu wengine hawapendi mwenzao avumbue kitu.

Kesho: maganda tumboni, maganda mgongoni, juu yake kanzu. Shaaban ajiandae kulia.

Ijumaa, 8 Machi

Nimekwenda, nimerudi. Nimefika Murongo mkavu! Mashahidi wapo. Bi Mwanahalima amenipokea kwa furaha kubwa. Posa imesikilizwa. Amenipa na kazi ya kuaminika.

Mwaja ameuliza kwa nini nimerudi nimevaa joho zito la Abdallah, kaka yake Mwanahalima, na joto lote hili. Nimemwambia ni heshima niliyopewa.

Nimechoka. Nalala.

Jumapili, 10 Machi

Mwaja ameiona kanzu. Nilikuwa nimeificha ndani ya gunia la maharage. Basi hakuna haja tena ya kuficha. Niandike yaliyotokea kweli, maana wino angalau haucheki.

Njiani sikutoka jasho. Hilo ni kweli. Hata pale njia inaposhukia mtoni, ambapo hewa ni kama mvuke wa chungu cha katogo, ndizi na maharage yakichemka pamoja, mimi nilikuwa natetemeka. Karibu na kivuko nikaingia kichakani, nikayatoa maganda. Upepo ukaikausha kanzu. Nikajitazama mbele: nyeupe pe! Nikaingia msikitini kifua mbele, nikasimama safu ya kwanza, katikati, ili kila mtu aone.

Waliona. Maji yale ya mgomba, kumbe, yakikauka hugeuka rangi. Na yaliyonivujia zaidi ni ya mgongoni. Kila niliporukuu, madoa yalizidi kukolea: kahawia, kisha karibu meusi. Mimi sikujua. Nilisikia tu safu ya pili ikikohoa. Abdallah alikuwa nyuma yangu hasa, na baadaye alikiri kwamba hajui alimaliza rakaa ngapi.

Tukaenda dukani. Shaaban alikuwepo. Alikuja kwa miguu tangu alfajiri, akabadili nguo mtoni, sasa ni mkavu na msafi kama yai. Mwanahalima akatupatia buni za kutafuna, akamwomba Shaaban aanze. Akaanza. Akaeleza chumvi ya Katwe na chumvi ya pwani, ipi huwahi kuyeyuka. Abdallah akasinzia. Mwanahalima akapiga miayo nyuma ya ukaya wake.

Zamu yangu. Nikasimama, nikageuka kutafuta kofia.

Mwanahalima alipiga kelele moja, kisha akashika mwimo wa mlango ili asianguke. Akauliza, “Jamani, huyu bwana ameoa chui?” Nikajipapasa, nikavuta kanzu mbele, nikaona.

Hapo nilikuwa na njia ya kusema maganda ya mgomba, yakaisha. Mdomo ukatangulia. Nikasema hii ni nguo mpya ya Mombasa, imeingia juzi, huku bara haijafika. Nilimwambia nani? Mwanamke aliyezaliwa juu ya majora ya nguo!

Hakubisha. Aliishika kanzu kwa vidole viwili, akainusa. Akatoa uzi wa mgomba kwenye kola yangu, akauweka juu ya meza, katikati yetu sote. Kisha akasema, kwa uso mkavu kabisa: “Kanzu ni kavu, na ahadi ni ahadi, posa nimeisikia. Bwana Shaaban, chumvi yako nitaendelea kununua. Wewe Bwana Ramadhani, niletee jora zima la nguo hii ya Mombasa, jibu lako utalipata siku hiyo. Na usininunulie. Nataka nione unavyolileta mwenyewe.” Abdallah akapaliwa na buni, akanivisha joho lake, akanisindikiza nje huku anafuta machozi.

Mwaja anasema jibu nimekwisha kupewa, mwanamke asiyekutaka hakutumi kitu. Niende tu kwa miguu, nikaseme kweli, nioe. Anachukulia mambo juu juu.

Nimetoa jora la amerikani, nguo nyeupe ya pamba, dukani kwangu. Katabaro amenikatia migomba mitatu. Na nimefikiri: nguo inahitaji kulowa utomvu kisha ikaukie upepo, mimi nahitaji kupoa njiani. Kazi mbili, safari moja! Nimejizungushia jora lote mwilini, likiwa limelowa maji ya migomba, kutoka kwapani mpaka magotini. Sitoki jasho hata tone.

Tatizo ni moja tu. Sasa naandika nimesimama, kwa sababu kukaa haiwezekani, na baiskeli iko pale mlangoni inanisubiri ninyanyue mguu.