Nyonga za Wapigaji na Mishono Yangu

Mtaa wa Oli, Arua
Alhamisi, baada ya adhuhuri

Kwa Mwalimu Lomoro,
Kocha wa Softiboli ya Wasichana

Mwalimu wangu mheshimiwa,

Salaam nyingi zikukute mzima, wewe na mkeo Linda na mtoto. Mimi ni Kulusum, fundi cherehani niliyeshona suruali za timu yako, na ndimi mama yake Shamim, yule uliyemwacha nje Jumatatu uliposoma majina ya wanaokwenda Koboko kucheza Jumamosi hii. Nakuandikia kwa Kiswahili cha daftari kwa sababu marehemu baba yangu, aliyekuwa mwanajeshi, alitufundisha kwamba hasira ikisemwa sokoni ni ugomvi, ikiandikwa kwenye karatasi ni lalamiko. Hili ni lalamiko.

Nataka mwanangu arudishwe kwenye orodha. Najua umemtoa kwa sababu nyonga zake hazizunguki anapopiga. Mimi nasema nyonga hazina kazi yoyote katika kupiga mpira, na sababu zangu nimezipanga kwa namba ili usizirukeruke.

1. Muhula uliopita wasichana walipiga kwa mikono, kama watu. Gongo lilitoka begani likaenda moja kwa moja kwenye mpira, na mpira ukaenda ulikokwenda. Hakuna aliyelalamika. Kisha ukaitwa Kampala kwenye mafunzo ya siku nne, ukarudi na dini mpya: "Kiuno kwanza, mikono nyuma." Kisigino cha nyuma kiinuke, goti ligeuke, nyonga zifunguke kabla gongo halijaondoka begani. Siku nne tu, Mwalimu. Mimi kutia zipu peke yake nilijifunza wiki mbili.

2. Wiki ya kwanza ya nyonga, mishono minne ilifumuka. Wa Drateru, yule msichana wa Pajulu, ulifumuka mbele ya watu, akarudi kwenye benchi akitembea kinyumenyume. Watu hawakusema Mwalimu Lomoro kafundisha vibaya. Walisema Kulusum hajui kushona. Wahenga walinena kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na sasa kibaya changu kinatembezwa uwanja mzima na wasichana wako. Wateja wangu wawili wa Idi wamevuka barabara na vitambaa vyao, wakaenda kwa fundi Sitti, ambaye mpaka leo kola inamshinda.

3. Usidhani nasema nisilolijua. Mimi husoma upigaji wa mtu kwenye nguo yake. Fulana ikiletwa imefumuka kwapani, najua huyo anapiga kwa mikono peke yake na anainyoosha mapema mno. Suruali ikichubuka gotini kwa ndani, huyo anaugeuza mguu wa nyuma vizuri. Ikifumuka nyuma katikati, huyo ndiye mwanafunzi wako mwema. Kwa hiyo ushahidi ninao mezani, na unaonyesha kwamba anayekutii wewe ndiye anayeaibika. Kwamba mpira wa Drateru siku ile ulivuka uzio ukaangukia katika mihogo ya watu, hilo ni jambo la wenye mihogo.

4. Unafundisha kwamba nguvu hutoka ardhini, ikapanda mguuni, ikapita kiunoni, ndipo ifike mikononi. Mwalimu, nimekaa kwenye cherehani ya miguu miaka ishirini na miwili. Nguvu yangu hutoka kwenye kanyagio ikafika kwenye sindano, na kiuno changu hakijui habari. Kingekuwa ndicho njia, mafundi wote wa Arua wangekuwa wanacheza ngoma kazini.

5. Jirani yangu Wahabu, anayeshona maturubai ya malori kule Oraba mpakani, ana dhehebu lake la tatu. Yeye anataka gongo lishuke kutoka juu, kama anayepasua kuni, mpira udunde chini ukimbie. Ameyaona kwenye simu. Wewe unataka gongo lipande kidogo mwishoni. Jumapili mlibishana mbele ya kibanda changu, kila mmoja akionyesha kwa ufagio wangu, mpaka mkauvunja. Sidai ufagio. Nautaja tu.

6. Hata hivyo sikukaa nikalia. Wahabu alinipa uzi wa turubai, ule unaofunga mizigo ya lori mpaka Juba. Nikaifumua suruali ya Shamim, ya mwanangu kwanza, ili wenzake waone mfano kabla sijaanza zao. Nikaishona upya mistari miwili, nikaibana inchi moja kila upande, maana kitambaa kinachopwaya ndicho kinachochanika. Leo ni wiki ya tatu na mshono ule haujaachia hata uzi mmoja. Kazi yangu imesimama imara. Aliyeanguka ni Shamim. Mtoto aliyekuwa akiupeleka mpira mbali kuliko wote, katika wiki hizo hizo tatu amekuwa mtu wa kupiga hewa. Anapiga hewa mara tatu, anatoka. Kesho yake anapiga hewa mara tatu, anatoka. Hapo ndipo unapoona wazi jinsi mafundisho yako yanavyomharibu mtoto polepole.

7. Jumatatu alirudi nyumbani akakataa chakula. Alisimama karibu na cherehani akaniuliza, "Mama, hii kiuno yangu iko na shida gani? Ya wengine inazunguka, yangu inakataa." Nikamjibu kwamba kiuno ni cha kufungia kitenge, aachane nacho. Hakucheka. Glavu yake, ambayo hata akiosha vyombo alikuwa akiiweka karibu aione, ameifunga kwenye mfuko wa plastiki akaisukuma chini ya kitanda. Mwalimu, nimeandika barua nyingi za kudai na za kulalamika, lakini namba hii ya saba inaniuma kuiandika.

8. Mambo yenyewe yameshavuka uwanja. Wasichana wanazungusha nyonga kwenye foleni ya maji. Juzi mama mmoja jirani, mtu mzima mwenye wajukuu, alikuwa anatwanga karanga akajisemea "kiuno kwanza", mchi ukatoka nje ya kinu ukatua kwenye sufuria ya mtu. Tukiendelea hivi mtaa mzima utafumuka, na wa kuushona ni mimi.

Kwa hayo yote naomba yafuatayo. Kwanza, Shamim aende Koboko. Pili, nyonga zipigwe marufuku katika softiboli yote ya West Nile, na mwamuzi aihesabu nyonga iliyozunguka kuwa sawa na kupiga hewa. Tatu, mpaka marufuku hiyo itakapozoeleka, kila mpigaji afungwe kitenge kiunoni na ncha yake ishikwe na mama yake mzazi, atakayesimama nyuma kwa usalama. Nne, hilo likishindikana, wasichana wapige wakiwa wameketi kwenye viti. Mito ya viti nitashona mwenyewe.

Nisalimie Linda na mtoto. Nisalimie Drateru, umwambie suruali yake iko tayari. Nisalimie wachezaji wote na wazazi wao, na hata yule kocha wa Koboko, ingawa sijui anasali dhehebu gani la gongo.

Mimi niliye mpole nisipochokozwa,

Kulusum binti Isa,
Fundi, Oli

Tanbihi. Barua ilikuwa imekwisha kukunjwa, nikaona nikuongezee ushahidi wa tisa. Nilitaka kuandika kwamba nimeivaa ile suruali mwenyewe na kupiga vizuri kwa mikono peke yake. Mimi na Shamim kipimo chetu cha nyonga ni kimoja. Nimempima tangu alipozaliwa. Basi nikafunga mlango, nikaivaa chini ya gauni. Ilipopita magotini nilimshukuru Mungu. Nilipofunga kifungo nilimwomba msamaha. Nikashika rula yangu ya yadi, nikajaribu kupiga kama wewe, kiuno kwanza. Kifua kiligeukia dirishani, miguu ikabaki inatazama mlango, nami nikaangukia rundo la sare za shule. Mkuki kwa nguruwe. Mwalimu, ndani ya suruali ile hata kukaa chini haiwezekani, na mtoto amekuwa akiivaa wiki tatu, kila siku akiambiwa na wewe azunguke na akiambiwa na mimi aache.

Niliufumua uzi wa turubai wote. Nikarudisha inchi zile, nikaongeza kipande cha kitambaa katikati mapajani, kazi ambayo ningeifanya tangu mwanzo kama nisingekuwa na haraka ya kumwonyesha Sitti. Nikaivaa tena. Nikakunja matambara yakawa mpira, nikayarusha juu, nikazungusha nyonga. Yamevuka barabara yakagonga bati la kibanda cha Sitti, na ametoka nje kuuliza nani anampiga mawe. Nguvu hupita kiunoni. Nimeisikia ikipita.

Kwa hiyo soma barua hii kuanzia hapa na uzisahau zile namba nane. Nakutumia na suruali yenyewe, aivae leo mazoezini, na umtazame mara tatu tu kabla hujaamua habari ya Jumamosi. Usimwambie kilichokuwa kikimzuia. Aliponiuliza kiuno chake kina shida gani, jibu nilikuwa nalo mikononi, nimelishona mimi, na nikamwacha aamini kwamba kosa liko mwilini mwake. Hilo nitamwambia mwenyewe akirudi, kabla ya chakula. Sijawahi kumwomba mtoto wangu msamaha na naona aibu, lakini leo nitamwomba. Wewe mpe gongo tu.