Jinsi Dada Koleo Alivyoipokea Zamu ya Birika

Sogeeni, enyi wa zamu ya asubuhi na enyi wa zamu ya usiku! Nanyi mliolala na kofia za kazi usoni, amkeni mkae vizuri, maana nitakayoyanena si ya mchezo. Wengine wamesimulia vita vya wafalme na majeshi yaliyoifunika nchi kwa vumbi. Mimi nawasimulia vita vya soketi iliyo chini ya dirisha la pili katika ukumbi wa tawi letu la chama cha wafanyakazi, na jinsi Dada Koleo, binti wa mabomba, mshinda nati zenye kutu, alivyochomoa plagi moja akachomeka nyingine. Ewe kumbukumbu, usinitupe mkono. Nilikuwapo kwa macho yangu, nikingoja chai ambayo sikuipata.

Kituo chetu ndicho kinachouwasha mji, kwa maboila yanayokula makaa mchana kutwa na usiku kucha. Ikawa zikaja habari kwamba maboila hayo yatazimwa, na penye lundo la makaa patatandazwa paneli za kunasa jua. Watu wa boila wakanuna. Chama hakikununa, chama kikadai darasa, ili wafanyakazi waelezwe mabadiliko ya tabianchi ni kitu gani na kazi za nishati safi zitawafikiaje. Menejimenti, baada ya kuvutwa sana, ikatoa saa ya chakula ya siku moja tu, ikatangaza kwamba watakaokaa darasani ndio watakaofunzwa kazi mpya, na atakayekosa asije kulia baadaye.

Hilo ndilo lililomkosesha raha Dada Koleo, katibu wa elimu wa tawi. Kwa maana mkuu wa watu wa boila ni kaka yake, tumbo moja, ambaye kazini tunamwita Presha, simba wa tanuru, mwenye nyusi zilizoungua zikaota zikaungua tena. Presha akikaa, watu wa boila wote hukaa. Presha akisimama, hata mwenye goti bovu husimama. Na Presha alikuwa ameapa hatakaa. Dada yake aliona wazi kwamba saa ile ikipita, kaka yake atatoka kituoni mikono mitupu.

Sasa jueni aibu yetu, nami sitaificha: ukumbi wa watu wanaouwasha mji mzima una soketi moja tu inayofanya kazi. Nyingine zilikufa mojamoja, na kwa kuwa kila mmoja wetu ni fundi, kila mmoja alimngoja mwenzake. Na soketi hiyo ilikuwa imekaliwa na birika kubwa la umeme, lenye tumbo pana na mpini wa chuma, lichemshalo chai ya tawi zima. Kizimio chake kiliharibika zamani, likawa halijui kunyamaza.

Mkutano mkuu ulilijadili jambo hilo kwa kirefu. Presha akatoa hoja ambayo hakuna aliyeweza kuijibu: chombo chenye maji, moto na mvuke ni boila. Ikapitishwa kwa kuonyesha mikono. Tangu hapo birika lina zamu. Anayelilinda haondoki mpaka afike mtu anayejua maswali, aweke mkono kwenye mpini, aulize maji, aulize moto, aulize kasoro, kisha atamke, "Nimepokea." Kabla ya hapo hakuna wa kulizima, awe mwenyekiti, awe mkurugenzi. Wageni hucheka. Sisi hatuoni cha kuchekesha, kwani katika kazi yetu watu wamekufa kwa sababu mtu fulani aliondoka kabla ya kupokewa.

Basi siku ya siku ikafika. Akaingia mwalimu wa chama kutoka makao makuu, binti mpole, amekumbatia projekta. Akatazama huku na huku akitafuta umeme, na macho yake yakaangukia birika. Kando yake alisimama Presha, mikono kifuani, na nyuma ya Presha jeshi lote la boila, bega kwa bega.

"Samahani kaka," akasema mwalimu, "naomba nichomoe hili birika kidogo."

Presha akasafisha koo, akanena kwa sauti iliyozoea kushindana na mitambo:

"Mwalimu, karibu sana, na pole na safari. Lakini boila likiwa kazini halichomolewi kidogo. Nimelipokea lina maji na moto, na nitalikabidhi lina maji na moto. Wa kumkabidhi simwoni. Kama wewe unamwona, nionyeshe."

"Kweli kabisa!" wakajibu watu wake, na kila aliyestahili kumpokea akaanza kukagua dari.

Mwenyekiti wetu, mfalme wa ajenda, akainuka kuokoa jahazi. Akapendekeza iundwe kamati ndogo. Wakamtazama tu, akakaa. Dakika zikawa zinakwenda, mwalimu akaanza kuukunja waya wake, na mimi moyo ukaniuma, sitaki kudanganya.

Ndipo akasimama Dada Koleo. Akapangusa mikono kwa kitambaa, akakaza mkanda, akalirudisha koleo lake mfukoni, kwani vita hivi havikuwa vya koleo. Akavuka ukumbi katikati ya viti, na viti vikampisha.

"Kaka."

"Naam, dada."

"Toka hapo."

"Sitoki bila kupokewa. Unajua."

"Najua. Nimekuja kupokea."

Jeshi likanguruma. "Huyo ni wa mabomba! Tangu lini?"

Dada Koleo akawageukia. "Tulieni! Mkutano ulisema mtu anayejua maswali, haukusema wa idara gani. Na maswali hayo nimeyajua kabla nyie hamjaota ndevu. Baba alitufundisha sisi wawili, jikoni kwa mama, kwenye sufuria ya maharage. Huyu mkuu wenu alikuwa anajipa zamu ya mchana, mimi ananiachia ya usiku, na maharage yakiungua nachapwa mimi. Nasema uongo, kaka?"

Presha akatazama sakafu. "Si uongo."

Dada Koleo akaweka mkono wake kwenye mpini. Mpini ulikuwa wa moto, na wote tuliuona uso wake ukikunjamana, lakini mkono haukutoka.

"Maji?"

"Nusu."

"Moto?"

"Unawaka."

"Kasoro?"

Hapa hujibiwa "Hakuna," na kila mtu akaenda zake. Lakini simba wa tanuru alipofungua kinywa, ile sauti kubwa haikuwapo.

"Kasoro ipo, dada. Ni mimi. Nikikaa kwenye kile kiti, ndiyo nimekubali kwamba yanazimwa. Maisha yangu yote nimetoka kazini kwa sababu kuna mtu amefika. Siku yale maboila yakizimwa, hatafika mtu. Nitatokaje? Nakwenda wapi na umri huu? Naogopa, dada."

Hata wale waliokuwa wakikagua dari waliteremsha macho. Nanyi msio wa kazi hii nawaeleza sheria yetu: kasoro ikishatajwa, si ya anayetoka tena, ni ya anayeingia, na ndiye atakayehangaika nayo.

"Nimeisikia kasoro," akasema Dada Koleo polepole. "Sasa ni yangu. Toka ukapumzike, kaka. Nimepokea."

Presha akaishusha mikono kutoka kifuani. Akasimama kidogo asijue aiweke wapi, kisha akaenda akakaa mstari wa mbele, na jeshi lote likakaa nyuma yake kwa kishindo cha viti. Dada Koleo, akiwa sasa ndiye mwenye zamu, akajiamuru mwenyewe, "Zima!" Akainama, akaing'oa ile plagi iliyonata kwa masizi ya miaka, akaitupa kando, akaichomeka ya projekta. Mwanga ukaupiga ukuta.

Mwalimu akafundisha. Akaeleza jinsi moshi wa makaa unavyoipasha dunia joto mpaka mvua zimepoteza majira, na kwamba kuyazima makaa bila kuwafunza waliokuwa wakiyachoma ni kumtoa mtu nje mvua ikinyesha, na chama hakitakubali. Akaonyesha paneli, betri, mafundi juu ya mapaa. King'ora cha kazi kilipokaribia kulia, akauliza kama kuna swali.

Kisha mkono wa Presha ukapanda.

"Mafunzo yanaanza lini?"

"Jumatatu."

"Asubuhi au mchana?"

"Asubuhi, kaka."

"Sawa."

Hakuna aliyeshangilia, maana watu wa boila hawapendi kushangiliwa. Ila Dada Koleo aligeukia dirisha, akawa anajifuta jasho machoni, na ukumbi haukuwa na joto.

Basi na wajukuu wasomewe! Siku ile ardhi haikutetemeka, mji haukujua, na hakuna mfalme aliyeanguka. Plagi moja ilitoka, nyingine ikaingia; na Jumatatu, kabla mlango wa darasa haujafunguliwa, Presha alikuwa amesimama nje, shati limepigwa pasi, anauliza wenzake wamechelewa wapi.