Jinsi Ndovu wa Shinyalu Alivyowasalimu Watu Saba Ufukweni

Wekeni majembe chini, enyi wa Shinyalu! Funikeni sufuria zenu, enyi wa Khwisero, na nyinyi wanafunzi wa Bukura, mwacheni ng'ombe wa chuo apumue kidogo! Nasimulia vita. Damu haikumwagika humo, ila jozi moja ya viatu iliangamia. Nasimulia habari za Nehemiah, kaka ya mama yangu, aliyeziacha nyanda za mahindi mwezi wa Desemba, mwaka wa 1994, akashuka hadi bahari kuu, akaliendea jeshi la watu saba waliokaa kitako mchangani, akawasalimu.

Mjue kwanza alikuwa nani. Siku za kazi alikuwa karani wa kituo cha afya, mwembamba, mwenye kalamu tatu mfukoni na maneno mawili mdomoni. Lakini kila Jumamosi alasiri, redio ilipofungua kipindi cha salamu na mtangazaji akaanza kusoma kadi za wasikilizaji, karani alitoweka, na mahali pake akasimama Ndovu wa Shinyalu, Mtambo Usiozimika, Mfalme wa Kadi Magharibi Yote. Kwa miaka sita aliwasalimu mahakimu na makuli, wauza mitumba wa Nairobi na wavuvi wa Vanga, watu asiowajua hata kwa sura. Alimsalimu mama yake mzazi, ambaye nyumba yake iko ng'ambo ya shamba lilo hilo la mahindi. Alimsalimu mkewe Dinah, ambaye asubuhi ya siku hiyo hiyo alikuwa amempita jikoni bila neno.

Na katika miaka hiyo sita hakuna hata mmoja aliyemjia akaketi naye. Rafiki hakuwa naye. Alilijua hilo, nalo lilimkereketa.

Ndipo redio ikatangaza kwamba Wapenzi wa Salamu wa Mombasa watakutana ufukweni Bamburi, Jumamosi ya tarehe kumi na saba, chini ya mivinje. Nehemiah akaomba likizo upesi kuliko mtu aliyefiwa. Dinah aliambiwa kwamba wanakwenda kupunga upepo na kumtembelea kaka yake aliyeko Kongowea. Mimi nilichukuliwa nishike kikapu, na ndiyo maana niliyaona yote.

Siku ikawadia. Bahari ilikuwa imejaa, jua la saa nane likiuchoma mchanga hata watu wakatembea kwa kurukaruka. Shujaa akajitokeza katika mavazi yake ya vita: suruali ya suti, soksi ndefu, na viatu vyeusi alivyovipiga rangi tangu alfajiri.

"Vua viatu, Baba Jescah," Dinah akamsihi.

"Mtu mwenye cheo havui viatu mbele ya watu wake," akajibu.

Nao walikuwepo! Saba, chini ya mvinje mmoja, wenye kitambaa cheupe kilichoandikwa jina la chama kwa rangi ya bluu, na redio ikining'inia tawini kama taji. Kati yao na Nehemiah palikuwa na hatua arobaini. Akasimama, akanyoosha mkono, akahutubu.

"Ewe Mama Jescah, tazama! Yule mwenye leso nyekundu hawezi kuwa mwingine ila Malkia wa Likoni, niliyemsalimu mara mia mbili na kumi! Na yule mwenye futi ya fundi cherehani shingoni ni Profesa wa Changamwe! Leo ama niketi nao, ama nirudi Shinyalu niipasue redio kwa shoka, nisimsalimu tena mwana wa Adamu!"

"Basi nenda," akasema Dinah. "Wewe husalimianga nchi nzima. Hao ni saba tu."

Akaenda. Alipofika hatua ya thelathini akapinda ghafla kushoto, akainama, akaokota kombe la bahari, akaligeuza na kuligeuza kana kwamba serikali imemwajiri kulikagua. Kisha akarudi.

"Upepo ulikuwa mbaya," akasema.

"Upepo gani?"

Akashambulia mara ya pili. Safari hii aliwapita wale saba kwa mwendo wa gwaride, macho mbele, akaendelea mpaka baharini, na wimbi likampokea hadi magotini pamoja na viatu, soksi na cheo. Akarudi akichuruzika. Hapo Dinah, ambaye hakuhesabiwa hata mara moja miongoni mwa mashujaa wa redio, akasimama nyuma yake, akaweka viganja viwili mgongoni, akamsukuma kama gari lililokataa kuwaka, hatua zote arobaini, mpaka mbele ya leso nyekundu.

Nehemiah akafungua kinywa. Ikatoka kadi.

"Ni mimi, Ndovu wa Shinyalu, Mtambo Usiozimika, nikiwa hapa Bamburi, nikiwasalimu wote wanaonifahamu!"

Kicheko kikapasuka.

"Ndovu? Wewe?" akasema mwenye leso. Huyo alikuwa Mama Zuhura, muuza mbaazi na mahamri, na kweli ndiye Malkia wa Likoni. "Mwanangu, ndovu gani huyu wa kupeperushwa?"

"Ndovu namjua mimi," akasema Profesa, fundi cherehani aitwaye Oliver. "Ni bwana mnene, ana malori mawili."

"Nani kakwambia ana malori?"

"Si jina lenyewe linasema!"

"Tumjaribu," akaamua Mama Zuhura. "Ndovu humaliza kadi zake zote kwa ujumbe mmoja, mwaka nenda mwaka rudi. Haya, bwana viatu. Ujumbe gani?"

Nehemiah akajinyoosha, maji yakimtoka soksini.

"Chemsheni maji ya kunywa!"

Wee! Mvinje wenyewe ulitikisika. Wakamkumbatia, wakamkalisha juu ya leso, wakamtia hamri mkononi. Akamaliza hamri. Wakatazamana. Ndipo msiba mkubwa ukatua juu ya chama kizima: hakuna aliyekuwa na la kusema. Hawa walikuwa mabingwa wa kutuma salamu, na kila mmoja alikuwa ameshatuma. Wakaigeukia redio, wakaikodolea macho kama ng'ombe wanaosubiri lango lifunguliwe.

Saa kumi kipindi kikaanza, nyuso zikachanua. Kadi ya kwanza, ya pili. Kadi ya tatu: "Na hii inatoka kwa Ndovu wa Shi..." Redio ikakohoa, ikafa.

Oliver akachomoa betri, akaziuma moja baada ya nyingine, akazianika juani, akazirudisha. Wapi! Mtu mmoja akaanza kukunja kitambaa cha chama. Mwingine akatafuta ndara zake. Nehemiah akaona ndoto yake ya miaka sita ikijikung'uta mchanga iende zake.

Akainuka. Kadi ile aliiandika mwenyewe, aliijua kwa moyo. Akaisoma hewani, kwa sauti ya mtangazaji, jina kwa jina, hata akafika: "Salamu zimfikie Malkia wa Likoni, popote alipo."

"Nipo hapa," akasema Mama Zuhura. "Mbele yako."

Shujaa akayumba. Katika kadi elfu moja hakuna aliyewahi kujibu. Fomu ya kadi haikuwa na mstari wa jambo hilo. Akachuchumaa, akasema kwa sauti yake mwenyewe, ile ndogo:

"U hali gani, mama?"

"Goti, mwanangu. Haliniachi nilale. Na Zuhura yuko Maskati mwaka wa tatu, haandiki."

Hapo, enyi wasikilizaji, angeweza kusema pole akakaa. Lakini Nehemiah akauliza:

"Goti lipi?"

"La kushoto," akasema Mama Zuhura, akalifunua.

Kitambaa kikakunjuliwa tena. Ndara zikavuliwa. Oliver akasogea akasema yeye ni mgongo, kwa sababu ya cherehani, na mkewe hataki kusikia. Wakazungumza mpaka maji yakapwa, na redio ikabaki tawini kama popo aliyelala.

Iandikwe, basi, na ihifadhiwe! Wako majemadari walioteka miji wakafa bila kumuuliza mtu goti lipi linalomuuma. Mwana wa Kakamega aliuliza, akangoja jibu, nalo jibu likachukua saa nzima.

Nilipoisoma habari hii siku ya Krismasi mbele ya ukoo, watu walicheka mpaka mchuzi wa kuku ukamwagika. Kesho yake Nehemiah alikuja kwangu, kwa miguu, kupitia mahindini. Zamani angetuma kadi. Alisema nimemvunjia heshima kwa lile jambo la viatu, na akataka nimwombe radhi.

Nilimkaribisha, khotsa wangu, yaani mjomba, nikampa kiti na chai ya maziwa. Radhi sikumwomba, na siombi.