Ombi la Kurudishiwa Ugomvi Wetu

Kwa Mheshimiwa Chifu,
Kitengela.

Baada ya salamu za heshima, mimi Nyaguthii, ambaye wengi mnanijua kama Mama Kahiga, mkulima wa sukuma wiki, naleta malalamiko dhidi ya jirani yangu Resian, mfugaji. Kosa lake ni kuacha kuwa adui yangu bila kunipa notisi.

Kwa miaka tisa, Chifu, tuligombana bila kusumbua ofisi yako. Mbuzi wake walikula sukuma yangu. Nami nikawafungia njia ya mtoni kwa seng'enge. Watu wake walisema sisi tuliotoka Murang'a tutalima mpaka katikati ya barabara. Sisi tukasema wao wangelisha mbuzi hata madhabahuni. Mambo yalikuwa sawa.

Halafu mwezi wa tatu akaja bwana mmoja wa suti, na karatasi zake na vigingi vya saruji, akisema shamba langu na malisho ya Resian yote ni yake. Nilikaa chini nikalia. Nikamwona Resian anakuja na fimbo, nikajua anakuja kunicheka. Akasimama mbele yangu, akamwambia yule bwana, "Huyu mama ni adui yangu mimi. Wewe enda utafute wako."

Vijana wa Resian wakang'oa vigingi, wangu wakavibeba hadi barabarani. Yule bwana hajarudi.

Tangu siku hiyo nateseka hivi:

1. Resian ananiletea maziwa kila asubuhi. Nguo zangu hazinitoshi tena.

2. Seng'enge niliikata kwa mikono yangu mwenyewe. Sasa mbuzi wanapita kwa adabu, hawagusi hata jani. Siku nikiamka vibaya, nimfokee nani?

3. Akina mama wa kanisa walizoea kuja kwangu Jumapili kusikia Resian amefanya nini wiki hiyo. Sina cha kuwaambia. Wamehamia kwa Gathoni, ambaye bado ana jirani mbaya.

4. Mbolea ya zizi lake imenenepesha sukuma yangu hadi wateja wananiuliza nimeipiga dawa gani.

Kwa hivyo naomba ofisi yako itangaze rasmi, kwa muhuri, kwamba hakuna mtu mwingine anayeitaka ardhi hii. Tukishahakikishiwa hivyo, mimi na Resian tutakuwa tumeshikana mashati kufikia Ijumaa.

Nisalimie mama watoto, karani wako Wanyonyi, na askari wa mlangoni.

Ni mimi, ninayesumbuliwa na amani,
Nyaguthii

Tanbihi: Chifu, barua hii usiibandike kwenye ubao wa matangazo. Ukimaliza kusoma, ichome. Alhamisi napasuliwa jicho kule Kajiado, na kwenye fomu walitaka jina la ndugu wa karibu. Niliandika Resian. Kalamu iliandika kabla sijafikiria, na nilipofikiria, sikufuta.