Shemeji Kachukua Vyuma, Mimi Nimechukua Pipa

Jumatatu, tarehe 6

Leo tumeachana. Mimi na shemeji, mume wa dada yangu. Tumefua visu pamoja miaka ishirini na sita. Wachungaji, wakata kuni, warina asali, wote wanaingia porini na visu vyetu kiunoni. Sikulia. Jicho moja lilitoa maji kidogo, ni moshi.

Kosa ni lake. Nilimwambia visu vyetu vina kasoro moja kubwa: havifi. Mtu ananunua kimoja, humwoni tena mpaka ana mvi. Nikasema tutengeneze vyembamba, vidumu miezi miwili, vivunjike, wateja warudi mbio. Akaniangalia weee. Akasema basi tugawane. Hiyo ndiyo hotuba yake ndefu ya mwaka huu.

Mimi ndiye mkubwa, nikachagua kwanza. Nikachukua pipa la mafuta ya kuzimishia visu vikitoka motoni. Mafuta meusi, mazito, yana umri mkubwa kuliko baadhi ya majirani. Siri yote imo humo. Yeye kaokota fuawe, nyundo na vyuma chakavu, kapakia kwenye mkokoteni, kahamia ng'ambo ya barabara. Nilimwonea huruma. Mimi nimebaki na banda, tanuri, pipa na mdomo.

Jumanne, tarehe 7

Kisu cha kwanza cha peke yangu. Springi ya lori, nimeifua juu ya kipande cha reli. Nikakitumbukiza kwenye pipa, kikalia kama paka aliyekanyagwa mkia. Nikakifuta kwa tambara. Kwisha kazi.

Kigumu, sijapata kuona. Tupa ya kunolea inateleza juu yake. Nikikigonga kwa ukucha kinalia kama kengele. Nimewaambia wapita njia wanne kwamba simba alinigeukia siku moja nikiwa na kisu laini kuliko hiki, na simba ndiye aliyeomba radhi. Watatu wamecheka. Wa nne kauliza ilikuwa mwaka gani. Watu wengine hawakulelewa.

Ng'ambo shemeji kajenga tanuri la udongo, kanunua debe la mafuta mapya; nasikia gonga, gonga, halafu kimya kirefu. Kimya kile nakijua. Anavikausha. Akishavitoa kwenye mafuta huvirudisha motoni polepole, kimoja kimoja, nusu siku, visije vikashika kutu. Uoga tu. Mimi saa hizo huwa niko nje naongea na wateja. Lazima mmoja wetu afanye kazi.

Jumatano, tarehe 8

Kapita mwenyekiti wa warina asali. Mzee mwembamba, mikono imejaa alama za nyuki. Chama chao kimepata wanachama wapya thelathini, kila mmoja anataka kisu, na safari hii watashika fundi mmoja tu. Jumamosi mimi na shemeji tupeleke kimoja kimoja wavijaribu. Atakayeshindwa, kasema, asijisumbue kuwatafuta tena. Nusu ya wateja wangu ni warina. Wakiondoka hao, mimi nakwenda kufuga kuku, na kuku hawasikilizi hadithi.

Halafu akachomoa kisu chake. Nilikijua kabla hakijatoka chote kwenye ala. Cha kwetu, cha mwaka ule wa kwanza. Kimenolewa na kunolewa mpaka kimekuwa chembamba kama dagaa. Kimefungua mizinga asiyoweza kuihesabu. Kilikata kitovu cha mwanawe wa kwanza, mkunga alipochelewa. Yule mwana sasa ana ndevu.

Akaniambia nikijaribu. Nikalaza kipande cha kamba juu ya makali, sikukandamiza. Kamba ikaanguka vipande viwili kwa uzito wake wenyewe.

Nikakaa chini. Miaka ishirini na sita, mvua, utomvu, mifupa, na chuma hakijachoka. Nimechoka mimi, kachoka mwenyekiti, chenyewe bado kinataka kazi. Nilikishika kwa mikono miwili kama mtoto wa mtu.

Kisha nikamwambia mpini huo ni kazi ya mkono wangu. Akasema mpini kaubadilisha mara tatu.

Alhamisi, tarehe 9

Dada kaja kuchukua sindano zake za kushonea ala. Kauliza kama pipa huwa linaniamkia asubuhi. Nikamwambia amwandae mumewe kwa aibu ya Jumamosi. Akanijibu, "Kaka, ungenyamaza saa moja tu katika maisha yako, ungekuwa fundi."

Nilimweleza kwa nini si kweli. Ilichukua saa moja na robo.

Jumamosi, tarehe 11

Sitaki kuandika. Naandika.

Uwanja nyuma ya ghala lao, warina kama hamsini, kigogo kikavu katikati. Kwanza kisu kinakata. Kisha kinadungwa kwenye kigogo na mtu anakivuta pembeni kwa nguvu zake zote, maana juu ya mti ndicho wanachobandulia vifuniko vya mizinga. Kikikuvunjikia huko juu, nyuki hawatakusubiri ukatafute kingine.

Nikaanza mimi, kwa umri. Nikaanza na hotuba, tangu babu. Wakaniomba nikate.

Pigo la kwanza, pengo. Pigo la pili, kisu changu kikawa vipande vitatu, kama glasi. Kimoja kilipita juu ya kofia ya mwenyekiti. Hakuna aliyecheka, nikasema moyoni hili ndilo baya kuliko yote. Kisha wakacheka.

Kisu cha shemeji kilikula kigogo mpaka watu wakachoka kuhesabu mapigo. Wakakidunga. Mrina mnene kupita wote akauning'inia mpini. Kisu kikapinda kama upinde, nikafumba macho. Akaachia. Kikarudi kimenyooka, kinatetemeka tu. Akakichomoa, akanyolea vinyweleo vya mkono wake.

Nilisimama nikapiga makofi. Nilishapiga mara tatu nilipokumbuka niko upande gani.

Thelathini vyote vyake.

Jumapili, tarehe 12

Dada kaja na ujumbe: niende kwao, nisimame karibu na moto, nisiseme neno. Nikaenda. Nilikuwa na maneno, nikayameza.

Shemeji katoa kisu kwenye mafuta, kasugua upande mmoja mpaka ukawa mweupe. Akalaza mgongo wa kisu juu ya chuma cha moto. Akanong'ona, "Tazama."

Ikaja rangi. Ya majani makavu kwanza, hafifu. Nyuma yake hudhurungi. Nyuma yake zambarau, kisha buluu, zimefuatana, zinatembea kutoka mgongoni kwenda kwenye makali, taratibu, kana kwamba ndani ya chuma mtu anapita na taa. Ile ya kwanza ilipogusa makali, akakichovya majini. Kasema hapo mgongo umelegea, unapinda, na makali yamebaki makali. Kikiachwa kigumu chote, ndiyo yale ya jana.

Kumbe ndiko kule kukausha. Miaka ishirini na sita alfajiri ile imekuwa ikipambazuka hatua tatu nyuma yangu, na mimi niko mlangoni na simba wangu. Sikusema neno, na hakuna aliyeniamini, hata mimi.

Shemeji kasema visu thelathini ni vingi kwa mtu mmoja. Nije kila siku, nitazame mpaka nijue. Nikishajua, turudi banda moja.

Jumatatu, tarehe 13

Nimefika mapema kuliko jua. Nimetazama kisu cha kwanza chote. Cha pili, rangi ndiyo inaanza, mpita njia kachungulia kauliza moshi wa nini. Nikatoka dakika moja nimweleze zile rangi, na jinsi nilivyomfundisha shemeji zamani. Kaelewa vizuri sana. Kaita na wenzake.

Niliporudi jua lilikuwa utosini na visu tisa vimekwisha. Shemeji kauliza rangi gani inaishia kwenye makali. Nikasema buluu. Akafumba macho kidogo, akaendelea na cha kumi.

Mwache. Siri nimeshaiona mwenyewe. Ni yale maji anayochovya mwisho, yanatoka kisimani kwao. Kesho akiinamia moto, naondoka na ndoo.